Gorila na Kidudu cha Buba

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili alipoomba insha, nilikusudia kuandika habari za safari yetu ya Lilongwe kama wenzangu walivyozoea kuandika: tuliondoka, tulifika, tulikula, tulirudi. Lakini huko tuliulizwa swali moja ambalo sijaweza kulitupa. Kwa hiyo nitawaandikia hilo, wasomaji wenzangu, na safari yenyewe nitaipitia upesi.

Tulitoka Dzaleka asubuhi na mapema, sisi wanafunzi wa sayansi, karatasi ya ruhusa ikiwa mkononi mwa mwalimu. Kutoka hapa Dowa mpaka Lilongwe si mbali, lakini kwa mtu anayetoka kambini mara moja kwa mwaka, hiyo ni safari kubwa. Tulikwenda Lilongwe Wildlife Centre, mahali palipofunguliwa mwaka 2007 katika msitu ulio katikati ya mji, karibu na mto Lingadzi. Huko hutunzwa wanyama waliookolewa, na wengi wao ni nyani na tumbili waliokuwa wamefungwa kamba majumbani mwa watu. Wachewa humwita nyani kwa jina lile lile tunalomwita sisi, na jambo hilo lilitufurahisha.

Mtumishi aliyetutembeza alituonya tusinyoshe mikono. Mwenzetu mmoja akasema, "Tunajua, wataturarua." Yule mtumishi akacheka, akasema kwamba kuumwa ni jambo moja, lakini lipo na jingine: magonjwa yetu huwapata wao, na yao hutupata sisi, maana miili yetu imekaribiana mno.

Tulipokaa chini ya mti kula mikate yetu, mwalimu wetu wa bayolojia akauliza: "Yuko mnyama mmoja wa jamii ya nyani na sokwe ambaye anakaribia kwisha duniani. Na kiko kidudu kimoja, bakteria, kikaacho katika miili ya nyani na ya watu, nacho watu wanafanya kila bidii kukimaliza. Mkipewa uwezo wa kuokoa kimoja tu, mtaokoa kipi?"

Tulipiga kelele sote kwa sauti moja: mnyama! Akauliza, "Kwa sababu gani?" Hapo tukanyamaza. Msichana mmoja akasema, kwa sababu mnyama anapendeza. Saa ile ile nyani mmoja dume, nyuma ya wavu, akatugeuzia matako yake mekundu, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema swali ni letu, twende nalo nyumbani.

Nilikwenda nalo nyumbani kweli, kwa kuwa mnyama aliyemtaja na kidudu alichokitaja vyote viwili nilikuwa nimevisikia kwa koko wangu, yaani bibi mzaa mama. Tunakaa naye katika nyumba moja hapa kambini. Kwao ni upande wa Bunyakiri, katika Kivu ya Kusini, ambako msitu wa Kahuzi-Biega ulikuwa uani kwao.

Mnyama ni gorila wa mashariki wa nchi za chini, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Grauer, Mwaustria aliyesafiri katika milima ile zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jirani zetu Wanyarwanda humwita ingagi. Katika jamii yote ya kima, nyani na sokwe hakuna mkubwa kama yeye. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 200. Na bado chakula chake ni majani, mashina, matunda, na sisimizi kidogo kama kitoweo. Haishi mahali pengine po pote ila mashariki ya Kongo. Gorila wanaoonekana katika mabustani ya wanyama ya Ulaya na Marekani, karibu wote ni wa magharibi, ni ndugu zake tu. Yeye akitoweka Kongo, ametoweka.

Mimi sikumwona kamwe. Nililetwa hapa nikiwa mgongoni. Koko mwenyewe alimwona mara moja tu, mgongo wa fedha ukiingia katika mianzi, lakini anasema sauti ya kupiga kifua aliisikia mara nyingi alipokuwa msichana, na kwamba inafanana na mtu anayepiga debe tupu kwa viganja mbali bondeni. Alituonyesha siku moja kwa debe letu la maji, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwaka 1970 msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na mwaka 1975 ukaongezwa mpaka ukafika kilomita za mraba 6,000 hivi. Wabatwa, waliokuwa wenyeji wa msitu tangu zamani, walitolewa bila kupewa mashamba. Koko alikuwa akinunua vyungu kwao. Anasema walitoka wakawa kama watu waliopigwa bumbuazi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitoa hadharani uamuzi wake kwamba walidhulumiwa. Ninaandika haya kwa kuwa nimeona makala nyingi zinazomsifu gorila na kuwaruka watu hawa, kana kwamba msitu ulikuwa mtupu.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1996. Mwaka 1997 UNESCO iliiandika hifadhi ile katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu wenye bunduki waliingia msituni, na nyuma yao wachimba koltani, nao walikula walichokipata. Kabla ya vita gorila hao walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamebaki 3,800 tu. Mwaka 2021, baada ya kuhesabu tena na kufika mahali ambapo hapakufikika zamani, walisema ni 6,800. Hesabu hiyo ya pili inatia moyo kidogo, ila haimaanishi kwamba wameongezeka. Imemaanisha kwamba wengine walikuwa wamejificha. Nasi tuliotoka Kivu tunajua maana ya kujificha usihesabiwe.

Vita iliyompunguza gorila ndiyo iliyotuleta sisi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, pakakusudiwa watu kama 10,000, na sasa tumepita 50,000. Baba yangu hupenda kusema, tena si kwa mzaha, "Gorila ana askari wake. Wewe una nani?" Zamani neno hilo lilinifanya nimwonee gorila kijicho. Siku hizi namjibu baba kwamba askari wa hifadhi nao hufa. Katika hifadhi ya Virunga peke yake wamekwisha kufa zaidi ya 200. Baba hunyamaza, kisha husema, "Basi na wao ni watu wa kwetu."

Sasa nije kwenye kidudu.

Koko ana kovu katika muundi wa mguu wa kushoto, pana kama kiganja cha mtoto, ngozi yake nyembamba na inang'aa kama karatasi ya mafuta. Mfupa chini yake umepinda kidogo. Sisi wajukuu tulizoea kovu lile kama tulivyozoea pua yake, wala hatukuuliza. Jioni ile niliporudi Lilongwe nilimwuliza, naye akasema neno moja: "Buba."

Kiswahili kina jina lake la ugonjwa huu, na lugha isiyo na haja na jina hailiweki. Buba huwapata watoto hasa, wale wa vijijini katika nchi za joto na mvua, mahali ambapo maji ni ya shida na watoto hulala wengi katika mkeka mmoja. Huambukizwa kwa ngozi kugusa ngozi: maji ya kidonda cha huyu yakiingia katika mkwaruzo wa yule, basi. Kwanza hutoka uvimbe mmoja, ambao huitwa mama buba; kisha vidonda vingi. Mtu asipotibiwa, baada ya miaka hula mifupa na pua. Mara chache huua. Humwacha mtu hai, akiwa na umbo la kuchekwa.

Kidudu chenyewe kiligunduliwa mwaka 1905 huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na Mwitaliano Aldo Castellani, ambaye miaka michache kabla yake alikuwa Uganda akitafuta chanzo cha malale. Kimejisokota kama springi ya kitanda. Urefu wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, nacho ni chembamba hata hadubini ya kawaida ya shule haikioni. Ni ndugu wa karibu mno wa kidudu cha kaswende, lakini hakina aibu ya kaswende. Hiki ni cha watoto wanaocheza.

Koko anasema wakati ule wa Wabelgiji alikuwa mdogo, hajaanza kubeba mtungi mkubwa. Walitembea na mama yake mpaka kiwanja cha mpira cha misheni. Watu wote walipangwa mistari, wagonjwa na wazima, na kila mmoja akapigwa sindano moja. "Mutoto wangu," akaniambia, "ile sindano ilinichoma nikalia njia yote. Wiki mbili, kidonda kikakauka. Kilikuwa kimenikalia mvua mbili." Dada yake mkubwa alikuwa ametangulia kupata buba miaka mingi kabla ya sindano kufika. Huyo hakuolewa. Alikaa nyuma ya nyumba, akafunika uso kwa kitambaa mpaka alipokufa. Habari hii sikuwa nimeisikia. Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage, naye hakuwa ameisikia.

Sindano ile ilikuwa penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya la Dunia na UNICEF walizunguka nchi 46, wakapima watu 300 milioni, wakatibu 50 milioni. Buba ikapungua kwa sehemu 95 katika 100. Kisha watu wakaona kazi imekwisha, fedha zikaelekezwa kwingine, na kile kilichosalia kikaanza kuchipua tena katika vijiji vya mbali. Waswahili wamesema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2012 ilithibitishwa huko Papua New Guinea kwamba hata sindano haihitajiki. Dozi moja ya vidonge vya azithromaisini yatosha. Tangu hapo Shirika lile limerudi na nia ya kukimaliza kabisa, na sasa mwaka uliowekwa ni 2030. India ilitangazwa kuwa imekwisha kuondokana nacho mwaka 2016. Kongo yetu bado.

Nilipoviweka viumbe hivi viwili kando kwa kando katika daftari langu, nilishangaa jinsi vinavyofanana. Gorila jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 4 hivi au zaidi kabla ya kuzaa tena. Ndiyo maana wakiuawa hawajazi pengo upesi. Wako bakteria wanaoweza kujigawa kila baada ya dakika 20, lakini hiki cha buba hukaa zaidi ya saa 30. Nacho ni kizito wa kuzaa! Gorila hana pa kwenda nje ya msitu wake. Kidudu hiki nacho hakina pa kwenda nje ya mwili. Kikianguka chini hufa, na katika chupa za maabara hakikubali kuota kama bakteria wengine, hata wataalamu wakalazimika kukifuga ndani ya sungura. Kina jeni kama 1,000 tu, na mambo mengi ambayo bakteria wengine hujifanyia wenyewe, hiki huomba kwa mwenyeji wake. Ukitazama hivyo, ni kiumbe dhaifu, chenye makao madogo, kinachofuatwa na maadui wenye nguvu. Ni maneno yale yale yanayoandikwa juu ya gorila.

Nakiri kwamba kwa siku mbili tatu nilikionea huruma. Mtu aliyefukuzwa kwao ana udhaifu huo: akisikia kiumbe kinatafutwa ili kimalizwe, moyo wake hugeuka upande wa anayetafutwa kabla hajauliza kosa. Nilimwambia hivyo rafiki yangu Mrundi tunayekaa dawati moja, naye akaniuliza kama nimepata wazimu. Akasema, "Ndui ilimalizwa, ikatangazwa mwaka 1980. Nani aliilia?" Kweli, hakuna aliyeilia. Lakini na yeye nilipomwambia anipe sababu ya kumpenda gorila, alisema gorila anafanana na watu. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo sababu? Kwamba tunajiona sisi wenyewe katika uso wake? Tulibishana mpaka kengele.

Jambo lililonigeuza mawazo nililipata katika maktaba, kwa msaada wa mwalimu. Ni habari ya Tanzania. Kwa miaka mingi nyani wa Ziwa Manyara wameonekana wakiwa na vidonda vibaya sehemu za siri. Kati ya mwaka 2015 na 2017 wataalamu waliwapima wanyama 289 wa jamii hii katika sehemu 14 za Tanzania, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Walikiona kidudu katika sehemu 11 kati ya hizo 14, katika nyani wa aina mbili, tumbili, na kima. Nacho ni kile kile, au ndugu yake wa tumbo moja na cha buba ya watu. Tena huko magharibi, katika msitu wa Odzala wa Kongo-Brazzaville, gorila wameonekana na vidonda vya uso vinavyofanana sana na buba.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Maana yake, siku ile watu watakapotangaza kwamba buba imekwisha, kidudu kitakuwa kimekaa mitini kinatutazama. Bado haijaonekana kwa hakika kwamba nyani humwambukiza mtu buba siku hizi, lakini ni nani atakayeweka muhuri juu ya tangazo hilo kwa moyo mtulivu? Na tutafanya nini? Tutawaua nyani wote ili koko mwingine asipate kovu? Swali la mwalimu lilitutaka tuchague kimoja na kuacha kingine, na sasa nikaona kwamba viumbe hivi havikai katika mizani mbili. Kimoja kimekaa ndani ya kingine.

Liko na jingine la namna hiyo. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza kinyesi cha sokwe wa Gombe, cha bonobo, cha gorila na cha watu, waliona kwamba baadhi ya bakteria wa matumbo yetu wametoka kwa babu mmoja, wakaachana kadiri wenyeji wao walivyoachana, yapata miaka 15 milioni. Kila mmoja amebeba wa kwake tangu hapo, kama ukoo unavyobeba mbegu zake unapohama. Kwa hiyo gorila akifa wa mwisho, atakwenda na umati wa vidudu visivyomdhuru mtu, ambavyo havina mlinzi wala orodha. Hao nao nimewaonea huruma, na safari hii rafiki yangu hakucheka.

Na yule mtumishi wa Lilongwe alisema kweli. Huko Uganda mgeni anayekwenda kuwatazama gorila wa milimani aliambiwa zamani asiwakaribie chini ya mita 7. Tangu mwaka 2020 ni mita 10, na barakoa juu. Mafua yetu huwaingia mapafuni na kuwaua. Kwa gorila, sisi ndio wachukuzi wa buba.

Chama chetu cha majadiliano kilipolichukua swali la mwalimu Ijumaa iliyofuata, nilisema kwamba mimi ningemwokoa gorila, na kidudu cha buba ningekiondoa katika ngozi ya kila mtoto kwa kidonge kimoja, bila huruma, na nisingemgusa nyani hata mmoja kwa ajili ya kukikamilisha. Wakaniambia sikujibu swali. Mwenyekiti akaninyima alama mbili. Nadhani alikuwa na haki, kwa kanuni za majadiliano.

Nilimwendea koko nikamsimulia yote, na ya nyani wa Manyara nikamsimulia polepole, nikidhani ataogopa au atachukia. Alikuwa amekaa mlangoni amenyosha mguu wake juani. Alifikiri kwa muda mrefu, akilipapasa kovu kwa kidole gumba, kisha akauliza, "Na hao, nani atawapiga sindano?"

Kabla sijapata la kusema akavuta kitenge chake juu ya muundi, akanituma bombani, maana msitari ulikuwa umeanza kuwa mrefu.